Kompyuta na mtandao vikigoma: maswali ninayoulizwa shuleni na mtaani

Asubuhi nasimamia chumba cha kompyuta cha shule ya sekondari: mashine ishirini na tano za mezani, swichi mbili (visanduku vya kuunganisha kebo za mtandao), ruta moja na printa moja yenye tabia zake. Jioni nikirudi mtaani naitwa "fundi", ingawa cheti changu ni cha ualimu. Maswali ya kule na ya huku yanafanana sana, ndiyo maana nimeyaweka pamoja. Yanahusu Windows 10 na Windows 11. Nikitaja amri, iandike kwenye lile dirisha jeusi: bonyeza kitufe cha Windows, andika cmd, bonyeza Enter. Amri inayohitaji ruhusa ya msimamizi ("Run as administrator") nitaisema.

Kompyuta ya mezani haiwaki, haina hata taa. Imekufa?

Pengine iko hai. Anzia ukutani. Chomeka chaji ya simu kwenye soketi ile ile. Simu ikichaji, soketi ni nzima. Kisha sukuma kebo ya umeme nyuma ya mashine mpaka mwisho, maana wanafunzi wakivuta viti huing'oa nusu bila kujua. Halafu tazama kitufe kidogo kilicho karibu na kebo hiyo, chenye alama ya I na O. I ndiyo kuwaka. Tulipofungua shule baada ya likizo moja ya Desemba niliandikiwa orodha ya mashine sita "mbovu". Nne zilikuwa zimezimwa hapo tu.

Mashine za zamani zina pia kitufe chekundu kilichoandikwa 115 na 230. Umeme wetu ni wa volti 230, kwa hiyo kibaki kwenye 230. Mtoto akikichezea kikaenda 115, utasikia mlipuko na harufu, na hapo kweli imekufa, angalau pawasaplai yake, yaani kile kisanduku cha ndani kinachogawa umeme.

Laptopu isiyowaka: chomoa chaji, toa betri kama inatoka, bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde 30, rudisha chaji peke yake, jaribu tena.

Feni inazunguka lakini kioo ni cheusi, na inatoa milio.

Hakikisha kwanza kebo ya kioo haijalegea. Ikiwa iko sawa, milio hiyo ni bodi mama, yaani bodi kuu ya kompyuta, inalalamika, na mara nyingi inalalamikia RAM, yaani memori. Zima, chomoa umeme, gusa chuma cha kasha ili umeme tuli ulio mwilini mwako uondoke, kisha toa vipande vya RAM. Sugua meno yake ya dhahabu taratibu kwa ufutio mweupe laini, pangusa, rudisha mpaka vishikio vya pembeni vibane. Huku pwani unyevu na chumvi ya hewani huacha utando kwenye meno hayo, na dawa hii ya ufutio imeniokolea mashine nyingi. Kama bado, weka kipande kimoja kimoja, tundu moja moja, mpaka ujue kibovu ni kipi.

Nimezima na kuwasha, tatizo liko pale pale. Mbona mafundi husema kuwasha upya hutibu?

Kwa sababu kuzima na kuwasha upya si kitu kimoja. Tangu Windows 8, ukibonyeza "Shut down" mashine huhifadhi sehemu ya mfumo kwenye diski ili kesho iwake haraka, na kasoro iliyokuwemo huhifadhiwa pamoja nayo. Ukibonyeza "Restart", mfumo unaanza mwanzo kabisa. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, nenda kwenye sehemu ya utendaji wa prosesa ("Performance", kisha "CPU"), utaona muda ambao mfumo umekaa bila kuanza upya. Nimekuta laptopu ya mwalimu mwenzangu ina siku arobaini na kitu, na yeye huizima kila jioni kwa uaminifu.

Wi-Fi imeshika, mistari imejaa, lakini hakuna intaneti.

Hili naulizwa kuliko yote, kwa hiyo nitalikalia kidogo. Ile mistari inakueleza hali kati yako na ruta tu. Kutoka kwenye ruta kwenda duniani haijui lolote. Kazi yako ni kujua njia imekatikia wapi.

Anza na simu. Iunge kwenye Wi-Fi hiyo hiyo, na *uzime data yake*, la sivyo itatumia bando lako na utaapa kwamba Wi-Fi ni nzima. Simu ikifungua tovuti, ubovu uko kwenye kompyuta. Simu nayo ikikwama, iache kompyuta, haina kosa.

Tuseme kosa ni la kompyuta. Andika ipconfig, tafuta mstari wa IPv4. Ukiona namba inayoanza na 169.254, maana yake mashine iliiomba ruta anwani (namba ya kujitambulisha kwenye mtandao), haikujibiwa, ikajipachika yake yenyewe. Kwa anwani hiyo haifiki popote. Andika ipconfig /release, kisha ipconfig /renew. Isipokubali, zima ruta, hesabu mpaka 30, washa, jaribu tena.

Ukiona namba ya kawaida, kama 192.168 na kitu, tazama mstari wa "Default Gateway" chini yake. Hiyo ndiyo anwani ya ruta yako: 192.168.1.1, 192.168.0.1, au 192.168.8.1 kwa vile viruta vingi vya Huawei vya laini ya simu. Andika ping ikifuatiwa na namba hiyo. Ruta isipojibu, shida iko kati yenu wawili: umbali, kebo, au draiva ya Wi-Fi (programu inayokiendesha kifaa hicho). Ikijibu, songa mbele: ping 8.8.8.8. Hiyo ni mashine ya Google iliyo nje kabisa. Ikijibu na tovuti bado hazifunguki, basi njia iko wazi na kilichogoma ni DNS, huduma inayogeuza jina la tovuti kuwa namba. Andika ipconfig /flushdns. Isiposaidia, weka DNS mwenyewe kwenye mipangilio ya mtandao: 8.8.8.8 au 1.1.1.1. Kagua pia kama kuna VPN uliyoisahau, yaani programu inayopitisha intaneti yako kwenye mashine ya mtu mwingine. Hizi za bure zikikatika vibaya huacha milango imefungwa.

8.8.8.8 isipojibu wakati ruta inajibu, ubovu uko nje ya nyumba yako. Angalia salio kabla ya kumpigia mtoa huduma. Niliwahi kumaliza dakika arobaini kwa jirani, nimepiga magoti chini ya meza, kabla sijauliza kama mwezi umelipiwa.

Chumba chote kimekatika mtandao kwa mpigo. Hata mashine kwa mashine hazionani.

Nenda moja kwa moja kwenye swichi, tazama taa. Kawaida kila taa humeta kwa wakati wake. Zikimeta zote pamoja, haraka haraka bila kupumzika, umepata jibu: kuna kebo iliyochomekwa ncha zote mbili kwenye swichi. Ujumbe wa kompyuta unaokwenda kwa wote unatoka huku, unaingia kule, unatoka tena, na ndani ya sekunde chache swichi haina nafasi ya kitu kingine. Swichi za bei kubwa zina kinga ya kuzuia mzunguko huo. Zetu nyingi shuleni hazina.

Kwetu ilitokea siku ya usafi. Kidato cha pili walikuta kebo inaning'inia, wakaona haipendezi, wakaichomeka kwenye tundu la wazi. Nia ilikuwa njema kabisa! Mimi nikapoteza kipindi kizima nikikagua ruta, maana sikutazama taa. Dawa ni kuchomoa kebo zote, kurudisha moja moja, na kusubiri sekunde kumi kila mara. Taa zikichachamaa, uliyoichomeka sasa hivi ndiyo mkosaji. Siku hizi kila kebo yangu ina kipande cha plasta chenye namba, ncha zote mbili.

Sababu ya pili ni ya ujanja zaidi: mtandao haukatiki wote, mashine tisa zinafanya kazi, nyingine hazifanyi, na kesho zimebadilishana. Hapo mtafute mwenzako aliyeleta ruta ya nyumbani na kuichomeka ukutani ofisini kwake ili apate Wi-Fi. Ruta yoyote hutoka kiwandani ikiwa tayari kugawa anwani. Sasa una wagawaji wawili, na kila mashine inamfuata aliyewahi kujibu. Andika ipconfig kwenye mashine nzima na kwenye mbovu, linganisha mistari ya "Default Gateway". Zikitofautiana, umemkamata. Huna haja ya kumnyang'anya: ingia kwenye ruta yake, zima DHCP (ile kazi ya kugawa anwani), ipe anwani isiyogongana na ya ruta kuu, na kebo ya shule iingie kwenye tundu la LAN, si lile la WAN. Itakuwa kituo cha Wi-Fi tu.

Asubuhi mtandao unapatikana, ikifika saa nne wengine wanakosa kabisa. Bando halijaisha.

Anwani zimeisha. Ruta ndogo huweza kuwa imewekewa fungu la anwani mia moja hivi, na kila simu inayoshika Wi-Fi inachukua moja na kukaa nayo hata mwenyewe akiondoka, mara nyingi kwa saa 24. Walimu, wanafunzi, wazazi waliokuja kulipa ada, wote wamo. Punguza muda wa kushikilia anwani uwe saa moja au mbili, panua fungu (mtandao wa nyumbani au wa shule ndogo hubeba mpaka 254, ruta ikiwa mojawapo), na badilisha nenosiri la Wi-Fi ambalo shule nzima inalijua.

Wi-Fi haifiki chumbani. Ninunue kiongeza nguvu?

Hamisha ruta kwanza, ni bure. Iweke juu, katikati ya nyumba, mbali na friji, tangi la maji na kioo kikubwa. Maji hunyonya mawimbi, chuma na mabati huyarudisha. Ukuta wa tofali za saruji hupunguza, na nguzo yenye nondo ni balaa. Ruta nyingi hutoa mitandao miwili: wa 2.4 GHz huenda mbali lakini ni wa taratibu na umejaa majirani. Wa 5 GHz ni wa kasi lakini huchoka ukutani. Chumba cha mbali tumia wa kwanza. Ukitaka usumbufu uishe kabisa, pitisha kebo: Cat5e inafika mita 100 bila wasiwasi. Ukiifunga ncha mwenyewe kwa mpango wa T568B, rangi zinakwenda hivi: chungwa-nyeupe, chungwa, kijani-nyeupe, bluu, bluu-nyeupe, kijani, kahawia-nyeupe, kahawia. Kosa la watu wengi ni kuweka kijani mbili pamoja. Na kebo ikikuonyesha Mbps 100 badala ya 1000, kagua nyaya zote nane, maana kasi ya 1000 inazitaka zote na moja ikikatika hupati.

Nikiunga laptopu kwenye hotspoti ya simu, bando linayeyuka.

Windows inadhani uko kwenye mtandao usio na kikomo, inajishushia masasisho. Nenda kwenye mipangilio ya Wi-Fi hiyo, washa "Metered connection". Zima pia OneDrive, hifadhi ya mtandaoni ya Microsoft, kama inapandisha picha zako kimya kimya. Shuleni washa "Delivery Optimization" kwa mashine za mtandao wa ndani tu: moja ikishusha sasisho, nyingine zinaweza kulichukua kwake badala ya kulishusha mara ishirini na tano.

Mafaili kwenye flashi yamegeuka njia za mkato, hayafunguki.

Usiyabofye, na *usifomati*. Kazi zako zimo. Kirusi kimezificha na kuweka viini macho vinavyokiamsha kila ukibofya. Ukichomeka flashi ikaonekana kama E, andika:

attrib -h -r -s /s /d E:\*.*

Subiri imalize. Mafaili yatajitokeza, wakati mwingine yakiwa ndani ya folda isiyo na jina. Nakili nyaraka zako tu, yaani za Word, PDF na picha, kwenda mahali pengine. Usinakili chochote kinachoishia na .vbs, .lnk, .exe au .js. Sasa ndiyo ufomati flashi.

Hapo umetibu flashi, kompyuta iliyoiambukiza bado. Sasisha Windows Security, kinga ya virusi iliyomo ndani ya Windows, kisha chagua ukaguzi wa nje ya mfumo ("offline scan"). Mashine itajiwasha upya na kusaka kabla kirusi hakijaamka. Kwenye maabara yangu chanzo huwa ni kile kile: flashi iliyotoka steshenari kuchapa mtihani. Nina flashi moja ya steshenari tu. Inakwenda na PDF, ikirudi inafomatiwa.

Kompyuta imekuwa nzito kama jiwe.

Ctrl, Shift, Esc. Tazama nguzo tatu: prosesa, memori, diski. Diski ikikaa asilimia 100 wakati hufanyi chochote, na ndani kuna diski ya kuzunguka ya zamani, usipoteze siku kufuta mafaili. Weka SSD, diski isiyozunguka. Hakuna shilingi inayorudi haraka kama hiyo. Mashine ya miaka kumi huamka. Memori ikijaa, punguza vichupo vya kivinjari na programu zinazojiwasha zenyewe, au ongeza RAM: GB 4 leo ni za kubanana, GB 8 unapumua. Ikiwa nzito na ya moto, fungua, puliza vumbi. Programu za "kuharakisha kompyuta" sizitaki hata kuzisikia.

Fundi anasema "tupige Windows upya". Nikubali?

Muulize kwanza ubovu ni nini. Kupiga Windows ni jibu la mwisho, na mafundi wengi hulifanya la kwanza kwa sababu linalipa na halihitaji kufikiri. Kabla yake, fungua dirisha jeusi kwa ruhusa ya msimamizi, andika DISM /Online /Cleanup-Image /RestoreHealth, ikimaliza andika sfc /scannow. Ya kwanza inahitaji intaneti. Zote mbili zinatengeneza mafaili ya mfumo bila kugusa kazi zako.

Ukikubali, nakili kazi zako mwenyewe kabla hujampa mashine, na usiangalie Documents peke yake. Watu wengi huhifadhi kila kitu juu ya Desktop. Kataa pia zile programu za kuamsha Windows bila leseni. Kitu cha kwanza zinachokuomba ni kuzima kinga ya virusi, na hilo peke yake lingetosha kukushtua.

Inaomba namba ndefu ya BitLocker. Sijawahi kuweka kitu hicho.

Ni kufuli la Windows linalofunga diski. Huenda Windows iliweka yenyewe, hasa laptopu mpya uliyoianzisha kwa akaunti ya Microsoft. Namba ina tarakimu 48 na hakuna fundi anayeweza kuikisia. Kwa simu ingia aka.ms/myrecoverykey kwa akaunti ile ile iliyotumika siku ya kwanza. Kama laptopu ilianzishwa na mpwa wako kwa barua pepe yake, mtafute mpwa. Isipopatikana popote, mafaili hayarudi.

Tovuti zote zinasema si salama, na saa ya kompyuta iko miaka ya nyuma.

Betri ya bodi mama imekwisha. Tovuti hukaguliwa kwa vyeti vyenye tarehe, na mashine inayoamini tuko mwaka 2015 inavikataa vyote. Nunua CR2032, ile ya duara ya volti 3, badilisha, weka saa.

Printa inasema inachapa lakini karatasi haitoki.

Kuna kazi imekwama mbele ya foleni. Kwa ruhusa ya msimamizi andika net stop spooler, futa kila kilichomo ndani ya C:\Windows\System32\spool\PRINTERS, kisha net start spooler. Folda yenyewe iache. Ikiwa ni printa ya mtandao na huonekana "Offline" kila wiki, anwani yake inabadilika. Ifungie anwani moja kwenye ruta.

Windows 10 imeisha muda. Mashine zetu zinakataa Windows 11. Tuzitupe?

Usaidizi wa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025. Mashine haizimiki, ila haipati tena viraka vya usalama vya kawaida. Windows 11 inadai TPM 2.0 (kijisehemu cha usalama ndani ya mashine), RAM GB 4, nafasi ya GB 64 na prosesa ya miaka ya karibuni. Kabla ya kukata tamaa ingia BIOS (mipangilio ya mashine inayofunguka kabla Windows haijaanza), maana kuna mashine ambazo TPM imo ndani ila imezimwa. Kwa nyumbani kuna mpango wa Microsoft wa kupata viraka mpaka 13 Oktoba 2026. Mashine zangu tisa zilizokataa kabisa nimeziwekea Linux Mint, mfumo wa bure badala ya Windows. Watoto walizoea ndani ya wiki, walimu bado wananung'unika.

Umeme hukatika kila mara. UPS, kile kisanduku cha betri ya akiba, inasaidia kweli?

Inasaidia, lakini betri yake ya volti 12 huchoka baada ya miaka miwili mitatu, na UPS inayozima sekunde ile ile umeme unapokatika haikufai kitu mpaka ubadilishe betri. Ruta na swichi ziwe za kwanza kwenye UPS. Zinakula kidogo na zinakaa muda mrefu. Printa ya leza usiichomeke humo kamwe. Ikipasha moto karatasi huvuta umeme mwingi kwa ghafla, na UPS ndogo inazima pamoja na kila ulichokuwa unakilinda.

Nikikupigia simu, nikueleze nini?

"Haifanyi kazi" hainisaidii, hata ukiirudia kwa sauti. Niambie maneno yaliyoandikwa kwenye skrini, au piga picha, hasa ile skrini ya bluu yenye herufi kubwa chini. Niambie lini ilifanya kazi mara ya mwisho na nini kilibadilika tangu hapo: umeme ulikatika, kuna programu mpya, mtoto alicheza. Niambie kama ni mashine moja au zote. Na nieleze ulichojaribu tayari, hata kile unachoona aibu kukisema, kwa sababu nitakigundua tu nikishafika.